Mwaka Ambao Mama Hakuwepo

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka naona haya, halafu nacheka. Nilikuwa na baba yangu, yaani babu yako, ndani ya gari nje ya shule yangu kule Euless. Joto la Texas lilikuwa limetukalia kichwani, na yeye hataki kuwasha gari.

Lakini nimeruka mbele. Nakuandikia kwa sababu mama yako amenipigia kutoka Houston. Ameniambia alama zako za mwaka jana zilianguka, na sasa unaomba vyuo vile vinavyochambua wanafunzi kama mchele. Mimi nikakupigia. Nilipokuuliza habari ukanijibu, "I'm good, Mama Mkubwa," ukacheka kidogo ili nikate simu. Sikukasirika. Kicheko hicho mimi ninacho tangu zamani, labda hata umekirithi kwangu.

Nilipokuwa mwaka wa tatu wa sekondari, kama wewe mwaka jana, bibi yetu alipooza huko Muheza. Mama akaenda kumuuguza, akamchukua na mama yako, ambaye alikuwa hajaanza hata shule. Alisema atarudi kabla ya baridi. Bibi hakupata nafuu, karatasi za Mama za kurudia zikachelewa, baridi ikaja ikaondoka. Tukabaki mimi na Baba kwenye fleti ya ghorofa ya pili, ndege zinapita juu yetu mchana kutwa.

Baba alipakia mizigo uwanja wa ndege, zamu ya usiku. Nikirudi shule yeye anajiandaa kutoka, na asubuhi nikitoka tunapishana ngazini. "Umekula?" "Nimekula." "Shule?" "Nzuri, Baba." Basi, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya siku. Nilikuwa nakula nimesimama jikoni, maana kukaa mezani peke yangu kulinishinda. Televisheni niliiwasha ili nyumba iwe na sauti ya watu, na nililala kwenye kochi hapo hapo ikiwa inaongea.

Zamani Jumapili tulikuwa tunakwenda Arlington kula na Wakenya na Watanzania wenzetu. Tukaacha. Kila tukifika wanatuuliza Mama anarudi lini.

Masomo yakaporomoka. Nafungua kitabu cha kemia, nasoma mstari mmoja mpaka nachoka, nakifunga. Somo la asubuhi nikaanza kulikimbia. Na ukiniuliza nilikuwa na tatizo gani, nisingekuwa na la kusema. Kwetu shida ni msiba, ni ugonjwa, ni njaa. Mimi nilikuwa mzima, nimeshiba, nina kitanda. Mtu kuwa mpweke nyumbani kwao sikujua kama nayo ni shida inayohesabika.

Mama alipopiga, kadi ya simu ilikuwa inakula dakika, kwa hiyo wote tulisema nzuri haraka haraka na kumuulizia mgonjwa.

Mwaka uliofuata ndio wa kuomba vyuo, na Mama alikuwa bado hajarudi. Mshauri wa wanafunzi, mama mmoja mpole mwenye miwani, akatuita mimi na Baba. Baba alikuja moja kwa moja kutoka kazini, na sare yake, macho mekundu. Yule mama akasema vyuo nilivyovitaka vitauona mwaka ule mbaya, vipende visipende. Kwenye fomu kuna nafasi ya kueleza kilichotokea. Nikiiacha tupu, watajielezea wenyewe, na wataniona mvivu.

"Nini kilitokea?" akaniuliza.

"Hakuna kitu," nikasema. "Nilizembea tu."

Akamgeukia Baba. Baba akakaa sawasawa, akamwambia kwa Kiingereza chake kizuri kwamba sisi hatujambo, kila kitu salama, tunamshukuru Mungu. Yule mama akaweka kalamu chini. Tukaaga kwa heshima zote, tukatoka.

Ndiyo hapo tukawa garini. Baba ameshika usukani, hawashi.

"Nimemdanganya yule mama," akasema.

"Baba, niko okei. Kweli."

"Sikiliza. Kwetu mtu akiulizwa habari anasema nzuri kwanza. Hiyo ni adabu. Halafu anashusha pumzi anasema *ila*. Nzuri, ila mtoto ana homa. Nzuri, ila tumefiwa. Mimi wewe nimekufundisha nzuri peke yake."

Akashusha pumzi.

"Ila mimi, mwanangu, zamu yangu inaisha mapema. Nikifika nakaa kwenye gari pale chini. Nikikuona unatoka, ndiyo napanda. Nyumba ile bila mama yako naiogopa, na nikikukuta umelala kwenye kochi sijui nikuambie nini."

Mwaka mzima nilidhani tunapishana ngazini kwa bahati. Nililia pale mpaka nikashindwa kuona. Nikamwambia, "Ila mimi nilidhani hutaki kuniona." Naye akalia. Sijawahi kumwona tena akilia, hata tulipokwenda Muheza baadaye kumzika bibi.

Tukarudi ndani. Yule mama hakushangaa, alitusogezea viti tu.

Niliandika mambo yale kama yalivyokuwa, kwa maneno machache. Sasa nisikudanganye na mimi: chuo nilichokitaka kuliko vyote kilinikataa, na vingine viwili vikakataa. Kimoja kikanichukua, na nilisoma vizuri. Mama alirudi nikiwa nimeshahamia bweni. Ule mwaka hakuna aliyeturudishia.

Mwanangu, sijui kilichokupata mwaka jana, na sikuulizi kwa simu. Ninachokuomba ni hiki. Waandikie watu wa vyuo ukweli, kwa ufupi, bila kuupamba na bila kuazima mateso ya mtu mwingine. Waambie na ulichofanya baada ya hapo, hata kama ni kidogo. Wakikukataa, wawe wamekukataa wewe, si mtu mvivu waliyemtunga wenyewe. Lakini kabla ya hao wageni, yuko mtu hapo nyumbani kwenu Gulfton, chumba cha pili, anayedhani hutaki kusumbuliwa. Nilipomuuliza hali yake mwenyewe aliniambia nzuri, akakata simu haraka. Mimi ndiye dada yake, namjua. Nenda kakae naye hata kama hamna la kusema.

Mungu akupe chuo kitakachokufaa, na kama si kile unachokitaka, akupe moyo wa kukipenda ulichopewa. Akujalie marafiki wanaokuuliza hali mara ya pili. Na siku ukiwa na nyumba yako, akujalie uwe unapanda ngazi bila kuogopa, kwa kuwa mtu aliyemo ndani anajua umechoka na amekungoja.