Matonya na Kikundi cha Kusoma

Kila asubuhi, kabla ya kufungua zizi, Matonya alichuma mwiba wa mgunga akajichora herufi pajani, mstari mweupe juu ya ngozi kavu. Akikosea, anapaka mate, anaanza upya. Kisha anakamua ng'ombe, anashika njia ya kutoka kijijini kwao Miyuji kwenda shuleni mjini.

Vitabu vilikuwa vichache. Mwalimu Mustapha akaagiza wanafunzi wajigawe wanne wanne, kila kikundi kitabu kimoja. Hakuna aliyemtaka mchunga ng'ombe. Basi Matonya akaunda kikundi chake: akamfuata Shaibu, akamfuata Kefa, akambembeleza Swedi mwenye baraza nzuri, kwa ahadi ya kuwatekea maji. Ndiye aliyepanga saa, ndiye aliyewapitia majumbani.

Lakini mkekani, pale barazani kwa Swedi, hakukaa.

"Kaa ng'ambo huko, ndugu yangu," Swedi alimwambia. "Utatumwagia kupe."

Wakacheka. Matonya naye akacheka. Akachuchumaa upande wa pili, kitabu kikiwaelekea wenzake, na miezi minane akajifunza kutoka huko huko. Kefa akikwama, Matonya ndiye aliyemtajia neno.

Siku ya mtihani ikafika. Kila kikundi kingetoa karani mmoja tu. Waliobaki wakavunje mawe ya reli kwa Wajerumani. Shaibu na Kefa walishindwa. Swedi alisoma kwa kusuasua. Akaitwa Matonya. Akashika kitabu kwa mara ya kwanza, akakikodolea macho, akakigeuza juu chini, akasoma bila kukwama popote.

Darasa zima likaangua kicheko.

"Unachezea kitabu cha serikali?" Mustapha akafoka.

"Sichezi, mwalimu. Ndivyo ninavyosoma."

Mustapha akakigeuza. "Soma hivi!"

Matonya akatazama. Hakuitambua hata herufi moja.

"Kakariri huyu. Swedi, nyinyi ndio mnaosoma naye. Anajua?"

Swedi alijua. Akatazama dirishani, kule walikokuwa wakivunja mawe wenzao wa mwaka jana, mikono imefungwa matambara.

"Hajui kitu, mwalimu. Anatutekea maji tu."

Kefa na Shaibu wakatazama chini.

Ikaamriwa Matonya achapwe viboko ishirini na tano. Swedi akamshika mikono, Kefa miguu. Ngozi ilipochanika Shaibu akacheka, na wengine wakafuata.

Matonya akainuka, akajifunga shuka yake polepole.

"Nani kakwambia utoke? Rudi hapa!" Mustapha akapaza sauti.

Alikuwa ameshavuka kizingiti. Akashika njia ya mbali ya kwenda Chemba, damu ikimkaukia mgongoni, na tangu siku hiyo hata Miyuji hakuonekana tena.