Sola Zilizotazama Tenti

Niliondoka Ruiru Jumanne asubuhi kwenda Thika, kutia sahihi fomu ya ukaguzi wa sola za zahanati moja karibu na Kiandutu. Ilikuwa miaka ya tisini, na mchoro wa paa lile niliuchora mimi mwenyewe. Mkubwa wangu alisema nisijisumbue kupanda, nitie sahihi tu nirudi, kwa kuwa zahanati ilikwisha kufunguliwa rasmi. Maneno hayo yalinikera njia nzima.

Saa nne nilifika. Muuguzi, Sista Nyambura, alinipa chai kwanza, kisha akanifungulia friji ya chanjo. Ndani kulikuwa na kadi za kliniki. Friji hiyo haikuwahi kushika baridi, kwa hiyo kila asubuhi alienda Makongeni kwa miguu kuchukua chanjo ndani ya kasha la barafu. Barafu ikiyeyuka, kazi imekwisha, na akina mama waliobaki hurudi na watoto vile walivyokuja.

Mmoja alikuwa mlangoni akimbembeleza mtoto. "Mimi nimerudishwa mara tatu," aliniambia. "Wewe ndio mtu wa stima?"

Nikapanda paa. Mchoro wangu uliweka paneli upande wa nyuma, penye jua kutwa. Huko hapakuwa na kitu. Zote zilikuwa mbele, chini ya mti mkubwa wa mukima, jua kali na zenyewe kivulini. Hasira zilinipanda. Sista alimwita Kamau, fundi aliyezifunga, nikamuuliza kama hakuuona mchoro.

"Niliona," alijibu. "Lakini kamati ya zahanati ilisema siku ya ufunguzi mgeni wa heshima atakaa kwa tenti hapo mbele. Ningeweka nyuma, angeona nini?"

Nilimwambia maneno nisiyoweza kuyaandika. Kisha nikakumbuka kwamba tangu nichore sikuwa nimekanyaga pale hata siku moja. Tulichukua spana, tukazihamisha zote bila ruhusa ya mtu, na saa kumi tukashuka. Tangu hapo sitii sahihi ya paa nisilolipanda.

Ijumaa, Sista alipiga simu kwamba friji imeshika baridi. Nilikuwa bado nafurahi mkubwa wangu aliponiita, amefura.

"Wafadhili wanakuja na kamera," alisema. "Kutoka barabarani hawataona sola hata moja. Sasa watapiga picha ya nini?"

"Wafungue friji," nilimwambia. "Wapige picha ya chanjo."