Karatasi ya Tundu la Ninga

Papai lililopitiliza kuiva likikutana na jivu bichi hutoa harufu ambayo siwezi kumweleza asiyewahi kuosha tundu la ndege. Juzi niliinusa uani kwa mwanangu, nikaiacha chai yangu ikapoa. Nilikuwa nimesharudi Pemba, kwetu karibu na Wete, miaka ile ya siasa, mtoto wa miaka tisa mwenye ninga wake, njiwa wa kijani.

Baba alimwokota chini ya mti wa mkungu akiwa kinda, akanitengenezea tundu la vijiti vya upongoo wa kuti la mnazi, likatundikwa barazani. Bibi, mama yake Baba, ndiye aliyenipa sheria. Kila siku nitoe ubao wa chini, niukwangue kwa kifuu, niusugue kwa jivu na ndimu, niuanike mpaka ukauke kabisa, kisha nitandike karatasi na kuzikunja pembe zote nne kwa chini ili ndege asizidonoe. Papai la jana litupwe kabla sisimizi hawajapata habari. Na karatasi yenye harufi za Kiarabu isiguse kinyesi hata siku moja, maana huwezi kujua imebeba jina la nani. "Ndege kakaa humo kwa amri yako," akiniambia, "hawezi kuukimbia uchafu wako." Nakiri, nilikuwa na kiburi na tundu lile. Hata chumba nilicholala hakikuwa safi kama makazi ya ninga.

Aliyenisifu zaidi ni Ami Faki, jirani yetu. Yeye na Baba hawakuwa ndugu wa damu, lakini walikua pamoja, na kila asubuhi alipita kunywa kahawa barazani kwetu na kumpa ninga kipande cha papai. Maji tulichota kisimani kwake. Siasa ilipoingia, Baba akawa chama hiki na Ami Faki chama kile. Mtaani watu walikuwa wanaacha wake zao kwa ajili ya vyama, na wenye maduka yaliyotazamana hawaamkiani tena. Wao wawili waliendelea kunywa kahawa, ila maneno yalipungua, nikaanza kusikia vikombe vikiwekwa chini. "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja," Bibi alisema, akaendelea kuchambua mchele.

Siku moja karatasi za kufungia sukari zilikwisha. Nilipata mbili tu: barua ya Baba yenye harufi za Kiarabu, na karatasi ya harufi za Kizungu iliyorushwa kutoka gari la kipaza sauti. Hiyo ilikuwa na picha ya bwana mmoja anacheka. Nikafuata sheria ya Bibi. Barua niliirudisha mahali pake, bwana nikamtandika uso juu, amchekee ninga asione upweke.

Asubuhi yake, kabla sijaibadilisha, Ami Faki aliinama na papai lake. Bwana yule alikuwa kiongozi wa chama chake, na ninga alikuwa amemfanyia haja usoni usiku kucha.

"Nani katia hii?" aliuliza, taratibu mno.

Baba alitoka na birika. Aliitazama karatasi, akazitazama pembe zake, kisha akanitazama mimi nyuma ya mlango na fagio langu. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema, ni mimi, na sikuyasema. Niliogopa watamchukua ninga.

"Nyumba yangu, Faki," Baba alisema. "Kilichomo humu nimekitia miye."

Ami Faki aliivuta karatasi, akaikunja na uchafu wake, akaitia mfukoni mwa kanzu yake nyeupe. "Haya. Watu wataiona."

Kahawa yake haikunywewa. Jioni kamba ya kisimani ilikuwa imeondolewa.

Tangu hapo nilisugua tundu asubuhi, adhuhuri na alasiri. Kwa akili yangu ya kitoto, likisafika sana Ami Faki atarudi. Mwezi haukwisha, Bibi akafariki. Nilichungulia dirishani: milango ya watu wa chama kile ilifungwa mchana mweupe, na watu wanane wakapokezana jeneza la Bibi, mkunga aliyewapokea nusu ya watoto wa mtaa ule. Siku ile hakuwapo wa kuniuliza kama ubao umekauka. Niliurudisha umerowa. Ninga alivimba manyoya siku tatu, akafa.

Miaka mingi baadaye, Baba na Ami Faki wote wameshatangulia, nilikwenda kumtazama mjane wa Ami Faki, Bi Maua. Nikamwambia kwa aibu kwamba karatasi ile niliitia mimi. Hakushangaa.

"Faki akijua, mwanangu. Akijua palepale. Kaniambia, ntu mzima hakunji pembe namna ile, hii kazi ya ntoto."

"Basi kwa nini, Bi Maua?"

"Keshachoka kuulizwa chamani, kahawa anakunywa kwa nani."

Kumbe wote wawili waliziona pembe zile nne. Mmoja alizinyamazia aniokoe, mwengine alizinyamazia apate njia ya kuondoka. Lakini maneno yangu mawili, kama ningeyasema pale barazani, Ami Faki asingeweza kuyakunja akayatia mfukoni.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, na habari ya siku ile hakunitajia hata mara moja. Wala mimi sikumwambia.