Barua ya Dereva Niliyoisahihisha

Mimi ni mgonjwa, na ugonjwa wangu unajulikana na wapangaji wa ploti nzima. Nikiona sentensi ya Kiingereza imekaa upande, mkono unaniwasha. Nimewahi kusahihisha kadi ya harusi nikiwa kwenye foleni ya chakula cha harusi hiyohiyo. Nimewahi kumweleza mwenye bucha hapa kwetu Njiru, kwa upole kabisa, kwamba ubao wake una walakini pale ulipoandikwa "We sell beef, goat and roasting". Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nataka nusu kilo au robo.

Nimefundisha Kiingereza shule za msingi miaka kumi na tisa, na kosa linalonikera kuliko yote ni hilo la bucha. Watoto nawaambia wafikirie paredi ya asubuhi. Maneno yanayounganishwa kwenye sentensi moja yanapanga mstari, kwa hivyo yote yavae yunifomu. Ukianza na "singing", ukafuata na "dancing", wa tatu naye aje "cooking". Asije "to cook" amevaa nguo za nyumbani. Watoto wanacheka, wanasema wameelewa, kisha wanarudi kwenye dawati na kuandika vilevile. Nami nakunywa maji, naanza tena.

Mume wangu ni dereva. Ni mtu wa Machakos, anacheka polepole na kujibu polepole zaidi. Mimi nimetoka Bungoma na huongea hata nikiwa peke yangu jikoni. Tulipooana watu wa kwao waliuliza huyu kijana atapata wapi nafasi ya kusema. Nilidhani ni utani tu wa wakwe, nikacheka pamoja nao.

Mwaka jana kampuni aliyoiendeshea lori la unga ilifunga bohari ya upande wetu, akakaa nyumbani miezi minane. Alikuwa akiamka saa kumi na moja kama kawaida, anavaa, halafu hana pa kwenda. Alipiga pasi yunifomu za watoto hadi binti yetu akasema sketi yake inaweza kukata mkate. Aliosha geti la ploti ambalo si letu. Nilijua mambo ni mabaya alipoacha kwenda kunyoa kwa kinyozi wake wa siku zote, kwa sababu pale madereva huulizana siku hizi uko wapi. Mimi niliogopa. Mshahara wangu ungesukuma maisha, hilo sikulihofia sana. Niliogopa kwamba alikuwa anapungua mbele ya macho yangu, na mimi sina la kufanya.

Halafu ikatokea kazi. Shule moja ya kibinafsi huko mbele kwenye barabara ya Kangundo ilibandika tangazo kwenye geti lake, inatafuta dereva wa basi la watoto. Barua iletwe kabla ya Ijumaa, tena iandikwe kwa mkono wa mwombaji mwenyewe. Shule zetu hupenda hivyo. Wanataka kuona mwandiko wa mtu kabla hawajamwona uso. Tangazo hilo nililisoma mimi mwenyewe nikitoka sokoni, pamoja na huo mstari wa mwandiko. Nisije nikajifanya hapa kwamba sikuuona.

Siku ya Jumatano, shule zikiwa zimefungwa, mume wangu aliketi mezani baada ya chakula cha mchana na karatasi za fulskepu. Aliandika taratibu, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Alipomaliza akanisogezea, akasema niangalie kidogo. Hebu fikiria, unamwambia mtu kama mimi aangalie kidogo. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi kabla hajamaliza kusema.

Alikuwa ameandika: "I am careful, punctual and I do not drink." Nikapiga mstari chini ya kipande cha mwisho. Nikamweleza habari za paredi na yunifomu. Mbili za kwanza ni sifa za neno moja moja, ya tatu imekuja na sentensi nzima mgongoni. Akaitazama. Akasema lakini ni kweli, yeye hanywi. Nikamwambia hakuna aliyekataa, tatizo ni mavazi. Aandike "careful, punctual and sober", zilingane.

Hilo neno la mwisho hakulipenda. Alisema mtu akiandika kwamba yeye ni mtulivu wa pombe, watu watajiuliza alianza kutulia lini. Binti yetu, aliyekuwa sofani na simu, akaniambia, hapo baba amekuweza. Mimi nikasema Kiingereza si kesi ya kushinda.

Akaandika tena. Safari hii sifa zilikuwa sawa, lakini kwenye mstari wa kazi alizofanya alikuwa na "driving, cleaning and to repair small things". Nikazungushia. Karatasi ya tatu akarekebisha hapo, pakabomoka pengine. Ya nne ilikuwa afadhali kidogo. Hakupandisha sauti hata mara moja. Aliuliza tu kwa nini, nikamweleza, akasema sawa, akachukua karatasi nyingine.

Sasa nitasema jambo ambalo ningependa kuliruka. Chini ya karatasi ya nne niliandika nne kwa kumi. Kando yake nikaandika yale maneno mawili ya Kiingereza ninayowaandikia watoto, kwamba mwanafunzi aje anione. Naye alikuwa ameketi ubavuni mwangu, viwiko vyetu vinagusana. Mkono ulifanya wenyewe, jameni. Alisoma, akacheka kile kicheko chake cha polepole, akaniuliza anione saa ngapi.

Mimi nilikuwa nimechoka na niliona Ijumaa inakuja mbio. Nikavuta karatasi safi nikaiandika barua mwenyewe, kwa mwandiko wangu wa ubaoni ambao hata wakaguzi wameusifia. Kila orodha ilisimama sawasawa. Hakuna aliyekosa yunifomu. Nikampa aisome, akaisoma mara mbili, akaiweka mezani vizuri.

"Huyu dereva ni mzuri," akasema. "Ningependa kumjua."

Nilicheka sana. Nikaitia bahasha, nikailamba, nikampa apeleke. Hakusema kitu kuhusu mwandiko, nami sikusema.

Jumanne iliyofuata aliitwa kwa intavyu. Alivaa suti yetu ya harusi, ile ya harusi yetu wenyewe, na akaniomba nisimwombee kwa sauti. Alirudi kabla ya saa sita. Niliposikia geti nilijua, kwa sababu aliye na habari njema hafungi geti kwa uangalifu hivyo.

Alinisimulia akiwa amesimama. Mwalimu mkuu, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alimpa karatasi tupu na kumwambia aandike mistari miwili, kwa nini anaitaka kazi hii. Akaandika. Yule mama akaiweka karatasi kando ya barua, akaangalia hii, akaangalia ile, akavua miwani. Akamuuliza nani aliandika barua. Mume wangu angeweza kusema aliumia mkono, au kwamba siku ile alitumia kalamu mbaya. Alisema ni mke wake, ni mwalimu. Mama akamjibu kwamba tangazo lilisema wazi, na kwamba mtu anayeanza na udanganyifu hapewi watoto wa wenyewe. Akamshukuru kwa kuja.

Neno udanganyifu lilinichoma kifuani. Huyu mtu miaka ishirini na miwili hajawahi kunidanganya hata kuhusu chumvi ya mboga. Nikamwambia pole, nikamwambia ni kosa langu. Akasema si neno, akaingia chumbani kuvua suti. Nilimsikia akiitundika polepole kwenye hanga, na nilikaa jikoni nikilia bila kutoa sauti, jambo ambalo kwangu ni muujiza.

Kesho yake alipotoka kwenda kumsaidia jirani kutengeneza tangi la maji, nilifungua droo ya meza. Zile karatasi nne zilikuwa mle, ameziweka pamoja na klipu. Nikazitia kwenye mkoba nikaenda kwenye ile shule iliyomkataa. Sikumwambia. Njia nzima nilikuwa najipangia maneno, na kwa mara ya kwanza sikujali kama yamelingana.

Mwalimu mkuu alinipokea kwa baridi. Nikamwambia ukweli wote, kwamba tangazo nililiona, kwamba mume wangu hakuniomba nimwandikie, kwamba aliandika yake mara nne na mimi ndiye niliyekosa subira. Kisha nikamwekea karatasi mezani kama shahidi. Alizisoma moja moja. Mwenyewe aliwahi kufundisha Kiingereza. Niliona macho yake yakisimama palepale yangu yaliposimama. Alipofika ya nne aliinua kichwa.

"Hii nne kwa kumi ulimpa wewe? Mume wako?"

Nikasema ndiyo, madam. Nilitamani simiti ya ile ofisi ipasuke inimeze.

"Na yeye akafanya nini?"

Nikamwambia alicheka, akaniuliza anione saa ngapi.

Yule mama alicheka mpaka akaondoa miwani tena, safari hii kufuta macho. Halafu akageuza zile karatasi upya. Akaniambia basi lake hubeba watoto arobaini, na kila mmoja ana mzazi mwenye simu. Dereva aliyetangulia aliacha kazi kwa sababu mzazi mmoja alimwambia amechelewa dakika tano, akawasha basi na kuwaacha watoto kituoni, kwenye steji. Alisema anaweza kumfundisha mtu yeyote njia za Njiru, lakini mtu anayekubali kusahihishwa mara nne na mwalimu wa Kiingereza, nyumbani kwake, bila kupandisha sauti, huyo hajui atampata wapi. Aje Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri, wamjaribu mwezi mmoja.

Nilirudi nyumbani karibu nikikimbia. Nilimkuta uani ananawa mikono yenye gundi ya mabomba. Nikammiminia habari yote bila kupumua, Jumatatu, saa kumi na moja na nusu, watoto arobaini, mwezi wa majaribio. Nilingoja afurahi. Alikausha mikono kwanza.

"Ulimwonyesha zile karatasi?" akauliza.

Nikasema ndiyo, ndizo zilizomgeuza moyo.

"Zote nne?"

Hapo ndipo nilipoanza kusikia swali lenyewe. Yeye aliziweka kwenye droo, kwa klipu, kwa sababu zilikuwa za kwake. Makosa yake yote yalikuwa mle, na wino wangu juu yake, na mimi nimekwenda kuyatandaza mezani kwa mtu ambaye atamwamkia kila asubuhi. Na yule mama atakuwa anamwangalia akiingiza basi getini, anajua ni nne kwa kumi.

Alitundika taulo kwenye kamba, akavuta kibanio kimoja na kukibana vizuri. Hakuwa amekasirika, na ningependelea angekasirika.

"Kazi nimefurahi," akasema. "Lakini siku nyingine niulize. Uniulize tu, halafu nitasema ndiyo."

Nikamwambia nimekosa. Akatikisa kichwa kukubali, akaniuliza kama kuna chai. Nikaenda kuweka sufuria jikoni, na hata maji yalipochemka nilikuwa bado nahesabu, kuanzia ile bahasha nikirudi nyuma miaka yote ishirini na miwili, mara ngapi nilimuuliza kwanza.