Mwaka Mama Alipogawa Sufuria

Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi na moja, mimi si mtu wa kuulizwa habari. Wenzangu kazini wameshazoea. Nafanya kazi katika nyumba ya wazee kule Ganshoren, na katika miezi hiyo simu yangu haikai kabatini kama sheria inavyotaka. Inakaa mfukoni, chini ya aproni, na ikitikisika tu roho inaniruka. Ni vimbunga. Siyo vya hapa, Bruxelles haina vimbunga. Ni vya kule Texas, karibu na bahari, ambako mama yangu mzazi ameng'ang'ania kukaa. Hebu fikiria: nimeshika kijiko, namnywesha supu mama wa watu, amefunikwa shali, dirisha limefungwa, joto safi. Na mama yangu mimi yuko ndani ya gari kwenye foleni, anakimbia upepo. Kuna siku nilitamani kupasua sahani.

Tulitoka Uvira kwa kukimbia vita, kama watu wengi wa kwetu. Mimi, kifungua mimba, njia yangu iliishia Ubelgiji. Mama na mdogo wangu wa kiume walikaa kambini Burundi miaka mingi, mpaka Amerika ikawachukua. Hakuna aliyewauliza wanataka sehemu gani. Wakapelekwa kwenye mji ambao kila mwaka, bahari ikishapata joto, upepo unakuja kuchukua mapaa ya watu.

Mwaka wao wa kwanza, tangazo lilipotoka kwamba watu wote wahame, mdogo wangu alikuwa kiwandani. Aliporudi akakuta mama ameshamaliza kazi. Sufuria zote amezigawa kwa jirani wa ng'ambo ya barabara, mama mmoja wa Meksiko, ambaye naye alikuwa anapakia gari lake na akazipokea kwa mshangao. Maharage yote yamechemshwa na kufungwa kwenye mifuko. Muhogo aliokuwa ameupanda nyuma ya nyumba ameung'oa, mbichi hivyo hivyo, asije akaula mtu mwingine. Nyumba imefagiwa vizuri, na mlango ameuacha wazi.

Kwetu ukikimbia hufungi mlango. Ukiufunga watauvunja, na hata usipoufunga, hurudi. Kukimbia maana yake ndiyo hiyo: ulichokiacha umekiaga. Mama hakujua kwamba kuna kukimbia kwa aina nyingine, na nani angemwambia? Mdogo wangu akaufunga mlango mwenyewe, akamtia mama ufunguo mkononi, wakaondoka.

Upepo ukapita. Waliporudi wakakuta kipande cha paa hakipo na ua umejaa matawi, lakini nyumba imesimama. Mdogo wangu alinisimulia kwenye simu huku akicheka. Mama aliingiza ufunguo, mlango ukafunguka. Akaingia, akatoka, akaufunga tena, akaufungua tena. Halafu akavuka barabara kwenda kuomba sufuria zake. Jirani akazirudisha zote ila ile kubwa. Kuhusu ile moja alijifanya haelewi ishara. Nilicheka mpaka machozi. Ile habari ya mlango sikuitia maanani.

Basi vimbunga vikaendelea. Mwaka huu kimoja, mwaka unaofuata viwili, na kila kikija mama ananiahidi. Akiwa kwenye foleni ya magari anasema bon, mwanangu, nimechoka, hii ndiyo ya mwisho, nitakuja kukaa kwako. Namwambia njoo. Upepo ukishapita nampigia, anasema tutaona. Nilitafuta nyumba ya vyumba viwili Etterbeek kwa ajili yake. Nikapaka rangi chumba kimoja, nikanunua kitanda kifupi asipate taabu kupanda, nikaweka mazulia. Chumba kikakaa. Rafiki zangu wakaanza kunitania kwamba nina mpangaji asiyeonekana. Nikacheka nao, lakini moyoni nilikuwa nachemka.

Mwaka jana kimbunga kimoja kikachukua nusu nzima ya paa, na mvua ikaingia mpaka kitandani kwa mama. Safari hii mdogo wangu hakubembeleza. Akampandisha ndege, aje kwangu miezi mitatu wakati nyumba inatengenezwa. Mimi nikajisemea, akishaingia hapa hatoki ng'o.

Nilifanya kazi kubwa ya kumshawishi. Nikampeleka Chaussée d'Ixelles, kwenye maduka ya watu wa kwetu, tukanunua majani ya sombe na vidagaa vya ndagala, akasalimiwa maman huku na maman kule, akakutana na mwanamke aliyekuwa akisali naye zamani Uvira. Walishikana mikono barabarani wakalia, watu wakawa wanatupita pembeni. Nikaona mambo yameiva. Lakini kila asubuhi, kabla hata ya chai, anampigia mdogo wangu kuuliza paa limefika wapi. Na ule ufunguo alikuja nao, umefungwa kwa kamba ya kiatu, uko shingoni. Kanisani uko shingoni, kitandani uko shingoni. Nikamwuliza wa nini huku, nyumba yenyewe haina hata paa. Akasema wa mlango.

Siku moja upepo ukavuma hapa kwetu. Komini, yaani serikali ya mtaa, ikafunga bustani zote, watu wakaambiwa wasipite chini ya miti, na tramu yangu ikachelewa sana. Niliporudi nilimkuta mama dirishani, amejitanda kikwembe mabegani, anautazama mti wa barabarani unavyotikisika. Akaniuliza kama huo ndio upepo waliofungia bustani. Nikasema ndiyo. Akaguna, akaenda zake jikoni, na nilimsikia akicheka peke yake huko.

Wiki mbili kabla ya miezi yake kwisha, mdogo wangu akapiga kusema paa limekwisha kuezekwa. Mama akaniomba nimwangalizie tiketi yake ya kurudi ni tarehe gani. Hapo nikalipuka. Nilimwambia yote. Kwamba kila mwaka nakufa na kufufuka kwa ajili yake. Kwamba nawaosha mama za watu miguu, na wangu simjui kama yuko hai mpaka mtandao urudi. Kwamba ana kichwa kigumu, na siku nyumba ile itakapomwangukia mimi nitakuwa hapa na kijiko mkononi. Nilimwambia hata habari ya mazulia, ambayo nilikuwa nimeapa sitaitaja. Yeye alikuwa mezani anachambua majani ya lengalenga, hakuacha kuchambua. Nilipoishiwa na pumzi akaniuliza kama nimemaliza.

"Mutoto yangu," akasema, "miye nilikimbia Uvira, sikurudia. Nilikimbia fasi ingine, sikurudia. Hii upepo njo ya kwanza yenye ilinifukuza nikarudia, nikakuta mulango yangu, na ufunguo inaingia. Kila mwaka inanifukuza, kila mwaka narudia. Sasa weye unataka nikimbie mara ya mwisho?"

Nilikuwa bado na hasira, kwa hiyo nikamjibu kwamba mlango wa hapa nao una ufunguo. Akaitikia kwa kichwa, kwamba ni kweli. Halafu akaniuliza, taratibu kabisa, bila ugomvi:

"Na weye, ulisharudia wapi?"

Nilitaka kumwambia kwamba hapa hapa, kila jioni, kutoka Ganshoren. Nikajua silo aliloniuliza. Nikavuta kiti nikakaa, nikamsaidia kuchambua lengalenga mpaka sufuria ikachemka.

Akaondoka. Usidhani nilikubali. Nilimsindikiza uwanja wa ndege nimenuna kama mtoto, na mpaka leo naona amekosea, nitamwambia hivyo hivyo tukionana. Chumba bado kipo, mazulia yapo. Sijakipangisha.

Mwaka huu mwezi wa nane simu ikatikisika chini ya aproni. Nilikuwa nampa supu bibi mmoja wa chumba cha kona. Nikamwomba radhi, nikatoka kwenye korido. Ni mama, yuko ndani ya gari, nasikia honi na redio, na mdogo wangu akilalamika kwamba foleni haisogei. Maneno yote yalikuwa yamejipanga mdomoni, yale yale ya kila mwaka: si nilikuambia, njoo huku, utanimaliza. Nikayameza.

"Mama, ufunguo iko?"

"Iko kwa shingo."

Akanieleza kama mtu anayetoa habari njema kwamba safari hii sufuria ameziacha ndani ya nyumba, zote, zimepangwa juu ya meza. "Si tutarudia?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo, mama, mutarudia.