Mmea Ulioota Kwenye Ufa

Leo nimeongea na keateka, mtunzaji wa ploti yetu ya kupanga, kwa mara ya kwanza, sababu ya magugu.

Nilichuchumaa ukutani nikipiga picha mmea mdogo wa maua ya manjano ulioota kwenye ufa, ili simu initafutie jina lake.

"Kumbe unamtumia landilodi picha za nyufa, mwenye nyumba aone sifanyi kazi?" keateka akaniuliza kutoka nyuma.

Akaenda kukoroga simiti ya kuziba nyufa, akarudi nayo.

Mimi hata salamu hunishinda, lakini nikajikaza. "Ni mmea, Baba Brayo. Bado sijajua jina."

Akainama, akauangalia. Akaziba nyufa zote, huo mmoja akauacha.

"Landilodi akiuliza, utamjibu wewe."

Nikasema sawa. Sijui sauti ilitoka wapi.

Simu imenipa majina matatu tofauti. Anayeujua aniambie kabla landilodi hajafika.