Mchonga Mawe Aliyekataa Kusema "Shamba Langu"

Wasomaji wa safu hii, Jumanne iliyopita tulimzika mchonga mawe wa kijijini kwetu Tabaka katika makaburi ya mji wa Kisii, kati ya watu ambao hatukuwajua hata kwa majina. Kwetu mtu huzikwa nyumbani kwake, kando ya nyumba, ili wanaobaki wapalilie migomba wakimwona alipolala. Yeye hakuwa na mahali pa namna hiyo. Tulikuwa watu sita, na wawili kati yetu walikuwa wachimba kaburi. Mjukuu anayeniandikia ameuliza kama tuyalainishe haya. Nimemwagiza aandike ninavyotamka. Sikwenda shule, lakini nilichokitenda nakijua.

Marehemu alikuwa ameunda lugha. Aliiunda miaka mingi uani kwake, akisugua vinyago kwa msasa na maji, na mimi, mke wa jirani wa ukoo wake, ndiye pekee niliyejaliwa kuielewa, kwa kuwa nilikwenda pale kumsaidia mama yake mzee kumenya ndizi. Siku moja padri alimweleza kwamba huko Ulaya nako wapo watu walioketi wakaunda lugha mpya ili mataifa yapatane. Mchonga mawe akaacha kusugua. "Hao wanasemaje kitu kikiwa cha mtu?" Padri akajibu, "Kama sisi tu: changu, chako, chake." "Basi, Baba, hawajaunda kitu," akasema, akarudia bakuli lake. Katika lugha yake, mkono na mama viliunganishwa na mwenyewe kuwa neno moja lisilokatika. Bakuli aliloliuza alilitaja kuwa limetoka kwake. Kuhusu ardhi, njia ilikuwa moja tu: mtu ndiye aliyesemwa kuwa wa ardhi. Nilimuuliza, "Na nikitaka kusema kitu si changu?" Akacheka. "Hilo sijaliunda, shemeji. Utalihitajia nini?"

Ukaja mwaka wa kupima mashamba. Utaratibu ulikuwa kwamba kila mwanamume asimame juu ya ardhi yake mbele ya kamati ya wazee na majirani, atamke mpaka wake kwa sauti, na asipopingwa karani aandike. Mama yake alikuwa ameshafariki, akiwa amezikwa pale pale chini ya migomba. Karani akamuuliza, "Mzee, shamba hili ni la nani?" Akajibu, "Mimi ndiye wake." Watu wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Ewe mchonga mawe, kumbe shamba ndilo lililokulipia mahari!" Karani akauliza tena, kwa upole, akasihi. Yeye akaonyesha kaburi la mama yake, akiamini kaburi latosha kuwa shahidi. Hapo ndugu yake wa baba mmoja akajitokeza: "Ni langu, kutoka ua ule hadi mtoni." Akaandikwa yeye. Mimi nilikuwa nimesimama na kikapu changu. Mama yule alikuwa amenionyesha kwa mkono wake jiwe la mpaka kati ya mwanawe na ndugu huyo. Nilifungua kinywa, mzee mmoja wa kamati akanitazama na kusema, "Mambo ya mpaka hayaulizwi jikoni." Nikakifunga.

Ndugu yule alimwacha akae pale hadi yeye ndugu alipokufa. Wanawe hawakumwacha. Mchonga mawe akahamia chumba cha kupanga huko Nyakoe, akachonga viboko na tembo wa kuuzia wageni, akazeeka. Mwaka huu, kifua kilipomzidi, alikuja kwangu kwa miguu, akaketi penye mlango, akakataa uji. "Shemeji, sitafuti pa kuishi. Nipe urefu wa mtu mmoja, pale kwenye mwinuko." Nilimtazama, nikawafikiria wanangu na maneno yao, nikasema, "Shamba si langu, ni la wanangu." Ilikuwa kweli. Tangu niolewe sijamiliki hata tuta moja. Akaitikia kwa kichwa, akainuka kwa kushika mhimili, akaniambia, "Kumbe neno lile ulilihitajia." Hakurudi tena.

Ninyi mnaosoma mnaweza kunitetea kwamba mwanamke hana ardhi ya kutoa. Msinitetee. Ningeweza kuwaita wanangu nikawaomba, nao wangekataa mbele yangu, na huenda mmoja asingekataa. Sikuwaita. Lugha ile sasa haina msemaji, na mimi ninayeielewa sina wa kunijibu. Siku hizi kila mtu ana karatasi ya shamba sandukuni, na ndugu hawasalimiani njiani, wala sioni litakalobadilisha hayo. Fundisho ninaloacha halimfai aliyezikwa mjini: mtu akija kukuomba mahali pa kulala milele, usimjibu kwa jina la mwenye shamba. Kwanza nenda ukamwombe mwenye shamba.